Je, kubadili chakula tunachokula kunapunguza kweli matumizi ya maji?

Mtaka Hesabu anauliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba mnisaidie katika jambo ambalo limenitatiza kwa muda mrefu. Nyumbani kwetu tumezoea kubana matumizi ya maji: bomba hufungwa mtu anapopiga mswaki, maji yaliyooshea mboga humwagiwa bustani, na koki ikianza kuvuja hurekebishwa siku hiyo hiyo. Kisha nikasoma kwamba mtu hunywa lita 2 hadi 4 za maji kwa siku, ilhali chakula anachokula siku hiyo hiyo huwa kimetumia kati ya lita 2,000 na 5,000 mpaka kufika mezani, na kwamba kilimo ndicho kinachochukua takriban asilimia 70 ya maji baridi yote (yaani yasiyo ya chumvi) yanayochotwa mitoni, maziwani na ardhini. Ikiwa ndivyo, basi bidii yetu yote ya bombani ni ndogo sana ikilinganishwa na uamuzi wa nini kipikwe, nasi tumekuwa tukitazama mahali ambapo maji mengi hayapo.

Nilipoanza kutafuta takwimu za kila chakula, ndipo nilipozidi kuchanganyikiwa. Chanzo kimoja kinasema kilo moja ya nyama ya ng'ombe hutumia zaidi ya lita 15,000 za maji, na kingine, ambacho nacho ni cha watafiti wanaoheshimika, kinataja takriban lita 1,450. Hii si tofauti ya kukadiria tu, kwa kuwa takwimu moja ni mara kumi ya nyingine. Nimesoma pia ushauri wa kula lozi na njugu za aina nyingine badala ya nyama ili kuokoa maji, na ukurasa uliofuata ukazitaja lozi hizo hizo miongoni mwa mazao yanayokunywa maji kupita kiasi. Mchele nao husifiwa kuwa ni chakula cha mimea, kisha hulaumiwa kwa sababu hukua majini. Na wapo wanaosema kwamba mnyama anayelishwa nyasi hatumii maji yoyote ya kuhesabiwa, kwa kuwa nyasi hunyeshewa na mvua.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, kati ya takwimu hizi, ni zipi ninazopaswa kuziamini ninapoamua chakula cha familia? Pili, ikiwa kuna jambo la kubadili, lianze lipi, katika nyumba yenye watoto wadogo na mzazi mzee ambao siwezi kuwapunguzia lishe? Nitashukuru kwa majibu yenye maelezo, hata yakiwa marefu.

Mwanamfereji anajibu:

Ndugu Mtaka Hesabu, takwimu zako zote mbili za nyama ni sahihi, ila kila moja inahesabu maji yake. Kazi yangu ni kugawa zamu za maji katika skimu ya umwagiliaji, na kila kiangazi kinapokaza naona wazi kwamba swali la "lita ngapi" halina maana mpaka liandamane na swali la "maji yapi".

Hesabu iliyokupa zaidi ya lita 15,000 inatokana na kazi ya Arjen Hoekstra, mtafiti wa Uholanzi aliyeanzisha mwaka 2002 kipimo cha unyayo wa maji, yaani jumla ya maji yaliyotumika mpaka kitu kikapatikana, na mwenzake Mesfin Mekonnen. Wao hugawa maji katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mvua inayoingia udongoni na kukaa humo mpaka mizizi iinyonye, nayo huitwa maji ya kijani. La pili ni maji yanayochotwa mtoni, ziwani, bwawani au kisimani na kupelekwa shambani au zizini, nayo ni maji ya buluu. La tatu, yaani maji ya kijivu, ni kiasi cha maji ambacho kingehitajika ili kuzimua mbolea na viuatilifu vilivyotiririka kutoka shambani, mpaka maji yarudi katika hali inayokubalika. Wastani wao wa dunia kwa kilo moja ya nyama ya ng'ombe ni lita 15,415, na ukiufungua wastani huo unakuta lita 14,414 za kijani, lita 550 za buluu na lita 451 za kijivu. Kwa maneno mengine, zaidi ya asilimia 93 ya maji hayo ni mvua iliyonyesha juu ya malisho na mashamba ya chakula cha mifugo.

Watu wengi hudhani kwamba maji hayo ni yale anayokunywa ng'ombe, na inafaa tulitazame jambo hili kwa karibu. Katika mfano mmoja unaotumiwa sana kueleza hesabu hii, ng'ombe anayefugwa kwa njia ya kiwanda hukaa takriban miaka 3 kabla ya kuchinjwa na kutoa kilo 200 za nyama isiyo na mifupa. Katika muda huo hula karibu kilo 1,300 za nafaka na kilo 7,200 za majani, nyasi kavu na malisho mengine, hunywa mita za ujazo 24 za maji, na mita za ujazo 7 hutumika kumsafisha pamoja na banda lake. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000; gawanya maji hayo ya kunywa na kusafishia kwa kilo 200, utapata lita 155 tu kwa kilo moja ya nyama. Maelfu yote yaliyobaki yamo katika chakula alichokula. Ndiyo maana watafiti hao walikadiria kwamba asilimia 98 ya maji ya mazao ya mifugo hutokana na chakula cha mifugo, na mtu anayetaka kujua nyama yake imetumia maji gani aulize kwanza mnyama yule alilishwa nini na chakula hicho kililimwa wapi.

Takwimu ya lita 1,450 ulizotaja inatoka katika uchambuzi wa Joseph Poore na Thomas Nemecek uliotolewa mwaka 2018, ambao ulikusanya taarifa za mashamba yapatayo 38,000 katika nchi nyingi. Hao hawakuhesabu mvua, bali maji yaliyochotwa. Kwa kipimo hicho mpangilio wa vyakula hubadilika kabisa: jibini hupanda hadi takriban lita 5,600 kwa kilo, njugu za mitini kama lozi hufika lita 4,100, mchele lita 2,250, na nyama ya ng'ombe wa nyama hubaki chini yao wote. Kwa hiyo usione ajabu kwamba lozi husifiwa na kulaumiwa katika ukurasa mmoja. Kila msemaji ameshika kipimo chake bila kukitaja.

Kuna mahali ambapo vipimo hivi vinagombana waziwazi, na kwangu hapo ndipo penye funzo kubwa kuliko pote. Ng'ombe anayechungwa malishoni ana wastani wa dunia wa takriban lita 21,800 kwa kilo, na yule wa ufugaji wa kiwanda ana lita 10,200. Mtu akisoma jumla hiyo peke yake atasema ufugaji wa kiwanda huokoa maji. Lakini ukitenga maji ya buluu, yule wa malishoni ana lita 465 na yule wa kiwanda ana lita 683, na kwa maji ya kijivu tofauti ni lita 243 kwa 712. Jumla ya wa malishoni ni kubwa kwa sababu hukua polepole na hula nyasi nyingi, lakini mvua iliyootesha nyasi hizo, mara nyingi, isingeingia katika mfereji wa mtu yeyote hata kama ng'ombe asingekuwepo. Yule wa kiwanda hula nafaka na majani ambayo huenda yalimwagiliwa kwa maji ambayo mji, mkulima mwingine au mto wenyewe ulikuwa ukiyahitaji.

Pamoja na hayo, sikubaliani na wanaosema kwamba mvua haina gharama. Shamba linaloota chakula cha mifugo kwa mvua lingeweza kuota maharage au viazi kwa mvua ile ile na kulisha watu wengi zaidi, na pale msitu unapofyekwa ili kupanua malisho, mzunguko mzima wa maji wa eneo hilo huguswa. Karibu theluthi moja ya maji yote ya kilimo duniani, ukijumlisha mvua na umwagiliaji, huenda katika mazao ya mifugo, na hicho si kiasi cha kupuuzwa. Ninachosema ni kwamba lita moja ya mvua iliyonyesha mahali pa mvua nyingi na lita moja iliyovutwa kwa pampu kutoka kisima kinachokauka haziwezi kuandikwa safu moja kana kwamba ni kitu kimoja. Hata viwango vya kimataifa vya kupima unyayo wa maji, vile vya ISO 14046 vya mwaka 2014, vinataka athari ipimwe kwa kuzingatia mahali maji yalipotumika.

Kuhusu swali lako la kwanza, basi, ziamini zote mbili lakini kwa kazi tofauti. Ile ya jumla inakuonyesha uzito wa chakula juu ya ardhi na mvua, na ile ya maji yaliyochotwa inakuonyesha uzito wake juu ya mito na visima.

Bi Lishe anajibu:

Namshukuru ndugu Mwanamfereji kwa maelezo yake. Mimi ni mtaalamu wa lishe, na ningependa kuongeza jambo ambalo husahaulika katika takwimu za kilo: hakuna anayekula kilo. Kahawa iliyokaangwa huhesabiwa karibu lita 18,900 za maji kwa kilo, lakini kikombe kimoja hutumia gramu chache tu, kwa hiyo maji yake ni kama lita 130. Hilo si dogo, ila halifanani na tishio la namba ya kwanza. Mboga nazo zina wastani wa lita 322 kwa kilo, lakini mtu hawezi kujaza nafasi ya nyama kwa matango na nyanya, kwa sababu hazina protini ya kutosha.

Kwa hiyo mimi hupenda kuuliza maji yanayotumika kwa kila gramu ya protini. Kwa hesabu za Mekonnen na Hoekstra, nyama ya ng'ombe hutumia lita 112 kwa gramu, nyama ya nguruwe lita 57, kuku lita 34, maziwa lita 31, mayai lita 29, na jamii ya kunde, yaani maharage, dengu, choroko na wenzake, lita 19. Njugu za mitini ziko lita 139, juu hata ya nyama ya ng'ombe. Anayebadilisha nyama kwa maharage anaokoa maji kwa kila kipimo ninachokijua, na anayeibadilisha kwa lozi huenda asiokoe chochote. Pia tusidhani kwamba kuacha nyama na kuweka jibini mahali pake ni kuokoa maji, kwa kuwa jibini hutengenezwa kwa maziwa mengi, nayo maziwa yametoka kwa mnyama aliyelishwa.

Sasa nirudi kwa watoto na mzazi wako, kwa maana hapo ndipo ushauri wa jumla huumiza watu. Vitamini B12 kwa asili hupatikana katika vyakula vinavyotokana na wanyama, na madini ya chuma yaliyomo katika nyama hufyonzwa mwilini kwa urahisi zaidi kuliko yale ya mimea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unapendekeza kwamba watoto wa miezi 6 hadi 23 wapewe kila siku nyama, samaki au mayai. Sitakubali mtu yeyote atumie hoja ya maji kumnyima mtoto wa umri huo yai lake. Wazee nao huhitaji protini ya kutosha ili misuli isidhoofike, na wengi wao hula kidogo, kwa hiyo kila tonge lao liwe na nguvu.

Penye nafasi ya kubadili ni katika sahani za watu wazima wenye afya, hasa wale wanaokula nyama nyekundu zaidi ya mahitaji yao. Hao wanaweza kupika kunde mara nyingi zaidi, wakaiacha nyama iwe kiungo cha kuongeza ladha katika chungu badala ya kuwa mlo wenyewe. Na ili madini ya chuma yaliyomo katika maharage yafyonzwe vizuri, yaliwe pamoja na tunda au mboga yenye vitamini C, kama vile chungwa, pera au nyanya mbichi, na chai isubiri mpaka chakula kishuke, kwa sababu chai huzuia madini hayo kuingia mwilini.

Mtaka Hesabu anajibu:

Ndugu Mwanamfereji na Bi Lishe, nawashukuru sana. Nimeelewa habari ya mvua na umwagiliaji, na nimetulia kuhusu watoto. Limebaki jambo moja linalonisumbua. Mchele huliwa karibu kila siku na mabilioni ya watu, nao si chakula ambacho mtu anaweza kuambiwa tu akiache. Je, ni kweli kwamba unamaliza maji kiasi hicho? Na nikipunguza mimi chakula fulani, maji hayo hubaki mtoni kweli, au huchukuliwa na mwingine?

Majaruba anajibu:

Nimefanya kazi na wakulima wa mpunga kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusuni nianze na mchele. Wastani wa dunia ni takriban lita 1,670 kwa kilo ya mpunga, na kwa sababu kukoboa huondoa maganda na pumba, kilo ya mchele mweupe hufika karibu lita 2,500. Maji yaliyosimama katika majaruba yanatisha macho, lakini hayaliwi yote na mmea. Sehemu huvukizwa na jua, sehemu hupanda kupitia mizizi na kutoka hewani kwa njia ya majani, na sehemu kubwa huzama chini, ambako huweza kujaza tena maji ya ardhini au kutokea katika mfereji wa jirani aliye bondeni. Kwa hiyo kiasi kinachoingizwa shambani si kiasi kinachopotea, na anayechanganya mambo haya mawili huuonea mpunga.

Isitoshe, mpunga hauhitaji kuzama majini msimu mzima. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, iliyoko Ufilipino, imeeneza njia ya kulowesha na kukausha kwa zamu. Mkulima huchimbia jarubani bomba fupi lenye matundu ubavuni, akaondoa udongo wa ndani, na kila asubuhi huchungulia humo kuona maji yameshuka kiasi gani. Juu ya ardhi panaonekana pamekauka na hata kuanza nyufa ndogo, lakini ndani ya bomba maji bado yapo sentimita chache chini, na mizizi inayafikia. Mkulima haruhusiwi kufungulia mfereji mpaka maji yashuke sentimita 15 chini ya uso wa udongo, isipokuwa wakati mpunga unapochanua, ambapo jaruba huachwa na maji. Njia hiyo hupunguza maji ya umwagiliaji kwa hadi asilimia 30 bila kushusha mavuno ikifuatwa vizuri, na hupunguza pia gesi ya methani inayotoka katika udongo uliofunikwa na maji. Mlaji hawezi kuiona njia hii akiutazama mchele gunani, na hilo linanisikitisha, kwa sababu mkulima aliyejitaabisha halipwi tofauti na jirani yake.

Mahali ndipo panapoamua zaidi kuliko zao. Saudi Arabia iliwahi kulima ngano jangwani kwa maji ya visima virefu, maji yaliyokusanyika ardhini maelfu ya miaka iliyopita na ambayo mvua ya leo haiwezi kuyarudisha, mpaka ikawa inauza ngano nje. Ngano ni zao ambalo kwingineko hukua kwa mvua bila shida. Mwaka 2008 serikali iliamua kupunguza ununuzi wa ngano ya ndani hatua kwa hatua, na kufikia mwaka 2016 ikaacha kuinunua, kwa sababu maji yalikuwa yakiisha. Katika jimbo la Punjab nchini India, mpunga unaopandikizwa kabla ya mvua za monsuni umeshusha sana kina cha maji ya visima, na mwaka 2009 ilitungwa sheria ya kuzuia wakulima kupandikiza mapema katika msimu wa joto kali. Jimbo la California nchini Marekani hutoa takriban asilimia 80 ya lozi za dunia, katika bonde ambalo majira yake ya joto hayana mvua. Na katika bonde la mto Colorado, huko huko Marekani, sehemu kubwa sana ya maji ya mto huo humwagilia alfalfa na majani mengine ya kulishia ng'ombe, kwa hiyo pale nyama na maziwa hayako mbali na mto hata kidogo.

Swali lako la mwisho ndilo gumu. Ukipunguza chakula fulani, maji hayabaki mtoni kwa hakika. Mkulima ambaye soko la alfalfa limemkimbia huweza kupanda zao jingine na kutumia zamu ile ile ya maji mpaka tone la mwisho, na jambo hilo hutokea mara kwa mara. Ili maji yabaki, lazima pawe na kikomo cha uchotaji kinachoheshimiwa, vipimo kwenye visima, na zamu zinazojulikana na kila mtu. Lakini uchaguzi wa walaji huwezesha kikomo hicho kiwekwe, kwa sababu hakuna serikali inayoweza kubana maji ya zao ambalo soko linalilia kila siku bila kuzua mgogoro. Kwa maoni yangu, anayesema chakula pekee kitaokoa mto anazidisha, na anayesema sheria pekee zitatosha hajakaa katika mkutano wa wagawa maji mwaka wa ukame.

Mlinda Malisho anajibu:

Naongeza neno fupi kwa upande wa wafugaji, kwa sababu mara nyingi mjadala huu hutuweka wote katika kapu moja. Maeneo mengi ya malisho hayawezi kulimwa kabisa, kwa kuwa ni ya miteremko, ya mawe, au yenye mvua isiyotosha nafaka. Utafiti wa wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, wa mwaka 2017 ulikadiria kwamba asilimia 86 ya chakula cha mifugo duniani ni vitu ambavyo haviliwi na binadamu, kama vile nyasi, mabua, pumba na mashudu. Mnyama anayegeuza mabua yaliyobaki shambani kuwa maziwa hakumnyang'anya mtu maji.

Ila niseme pia ukweli wa upande wetu. Malisho yanapobeba mifugo kupita uwezo wake, nyasi hukatwa hadi shinani, kwato hushindilia udongo, na mvua ikinyesha haizami bali hutiririka juu na kuondoka na udongo wenyewe. Mahali kama hapo hoja ya kwamba "ni mvua tu" huanguka, kwa sababu mvua hiyo ingekuwa ikijaza chemchemi na visima. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kumuuliza anayekuuzia nyama au maziwa, usiulize tu kama mnyama alikula nyasi. Uliza pia malisho yake hupumzishwa lini.

Mwanamfereji anajibu:

Ndugu Majaruba amesema vizuri kuhusu kikomo cha uchotaji, nami sina la kuongeza hapo. Nimalizie swali la pili la ndugu Mtaka Hesabu, la nini kianze, kwa kuwa hatujalijibu moja kwa moja.

Ningeanza na chakula kinachotupwa, kabla ya kugusa nyama, mchele au lozi. FAO ilikadiria mwaka 2011 kwamba karibu theluthi ya chakula kinachozalishwa kwa ajili ya watu hupotea au kutupwa, na mwaka 2013 ikakadiria kwamba maji ya mito na visima yanayokwenda na chakula hicho ni kilomita za ujazo 250 kwa mwaka. Ripoti ya Mpango wa Mazingira wa Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2024 inaonyesha kwamba katika mwaka 2022 zilitupwa tani bilioni 1.05 katika maduka, migahawa na nyumba, na karibu asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Nusu kilo ya nyama ya ng'ombe iliyoharibikia kwenye friji ni zaidi ya lita 7,700 kwa hesabu ya jumla. Hapa hakuna ubishi wa kijani na buluu, wala hakuna anayepunguziwa lishe, kwa kuwa maji hayo yametumika na hakuna aliyeshiba.

Baada ya hapo fuata ushauri wa Bi Lishe: punguza nyama nyekundu kwa watu wazima wanaoila kwa wingi, hasa ile ya mifugo inayolishwa nafaka na majani ya kumwagiliwa, na uweke kunde mahali pake. Maziwa ya kutengenezwa kwa soya au nafaka iitwayo oti, kwa wanaoyapenda, hutumia maji machache ya kuchotwa kuliko ya lozi: lita moja ya maziwa ya soya hutumia takriban lita 28 za maji na ya oti 48, ilhali ya lozi ni lita 371 na ya ng'ombe ni 628. Mchele endelea nao, na kama unaweza kujua umetoka wapi, pendelea ule wa maeneo yenye mvua ya kutosha.

Kikwazo cha kunde, kama wengi wanavyolalamika, ni muda wa kupika. Ziloweke tangu usiku, zipikwe nyingi kwa pamoja, zikishapoa zigawanywe katika vyombo vidogo vyenye mifuniko, vya siku tatu vikae kwenye friji na vilivyobaki vigandishwe. Atakayerudi nyumbani amechoka atakuta zimeiva, na hatalazimika kufungua nyama kwa sababu tu ndiyo iliyo tayari.